Miche Elfu Moja na Mbuzi Mmoja

Mvua zikikaribia, matangazo huanza. Tanzania ina siku yake ya kitaifa ya kupanda miti, tarehe 1 Aprili. Kenya ilikwenda mbali zaidi: tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ili watu wakapande, katika mpango wa kufikia miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Mgeni rasmi huchimbiwa shimo, hukabidhiwa mche, hupigwa picha akiumwagilia, kisha msafara huondoka. Wanaobaki pale uwanjani wakikusanya viti huulizana swali ambalo pengine nawe umewahi kuliuliza: miti yote hii tunayopanda, mbona msitu hatuuoni?

Jibu fupi ni kwamba miche mingi haifiki masika ya pili. Hunyauka mvua inapokatika, husongwa na majani, huunguzwa na moto wa kusafishia mashamba. Na huliwa. Hakuna hotuba ya mgeni rasmi inayomzuia mbuzi asiye na mchungaji.

Jibu refu ndilo linalohitaji sura nzima. Kuuingiza mche shimoni ni kazi ya dakika chache. Kabla ya dakika hizo kuna kazi ya kutafuta mbegu, na baada yake kuna miaka ya ulinzi. Kazi hizi mbili, hasa kwa miti ya asili, zimemshinda mtu mmoja mmoja na zimeishinda serikali peke yake. Pale zilipofanikiwa, ukichungulia utakuta kikundi: akina mama wa kitalu, wazee wa kaya, kamati ya maliasili ya kijiji, au wavuvi waliozama matopeni hadi magotini.

Kwanza, wa asili ya wapi?

Mmea wa asili ni ule uliofika mahali fulani wenyewe, bila kuletwa na mkono wa mtu, na ukaishi hapo muda mrefu pamoja na wadudu, ndege na wanyama wa hapo. Kwa kipimo hicho, mwembe alioupanda babu yako si wa asili, ulitoka Asia. Mwarobaini, pamoja na heshima yake yote ya kutibu, nao ni mgeni kutoka bara hilohilo. Mkaratusi na mgrevilea ilitoka Australia. Kwa upande mwingine mbuyu, mpingo, mninga, mvule, mkongo na jamii za mgunga ni wenyeji wetu.

Hapa watu wengi hukosea jambo moja: wanadhani uasili hufuata mipaka ya nchi. Angalia msizi, mti mrefu unaokua haraka sana, ambao Waganda huuita musizi. Uganda na upande wa Bukoba ni kwao. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulipelekwa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walikuwa wameanzisha bustani ya majaribio ya mimea mwaka 1902. Baadaye msitu wa Amani ulipokatwa mbao, msizi ukaingia kwenye nafasi zilizoachwa wazi, hondohondo wakila matunda yake na kuzisambaza mbegu. Ukaanza kuisonga mimea ambayo haipatikani kwingine duniani. Ni mti wa Tanzania, lakini Amani ni mvamizi.

Kwa nini tujali? Baringo, Kenya, wanaweza kukujibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa huko mti wa kigeni wenye miiba, wenyeji wakauita mathenge, ili uzuie jangwa na utoe kuni. Ulistawi kupita kiasi. Ukafunga malisho na njia za maji, na maganda yake yenye sukari yakawaozesha mbuzi meno. Wafugaji wa jamii ya Ilchamus waliishtaki serikali, na ushahidi waliofika nao mahakamani ulikuwa mbuzi kibogoyo.

Sisemi kwamba kila mgeni ni adui. Mahindi na muhogo ni wageni kutoka Amerika, na bila hivyo wengi wetu tungelala njaa. Ninachosema ni kwamba mgeni hupandwa kwa kazi maalumu, mahali maalumu, na mtu anayemwangalia. Mti wa asili una sifa ambayo mgeni hana: ndege, nyuki na vipepeo wa hapo tayari wanajua kuutumia, na nao unajua kuishi nao.

Mbegu haziuzwi dukani

Mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kukuonyesha pa kununua mbegu za mkaratusi. Muulize pa kupata mbegu za mkongo. Atakuelekeza msituni, na huko inabidi umjue mzee anayejua mti mama uko wapi na huangusha mbegu mwezi gani.

Somo hili mwanamazingira Mkenya Wangari Maathai na wenzake walilipata mapema. Vuguvugu lao la Green Belt lilianza mwaka 1977 chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake la Kenya, kwa miti saba iliyopandwa uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 5 Juni. Maofisa wa misitu waliahidi kuwapa akina mama miche ya bure kadiri watakavyotaka. Haukupita mwaka ahadi ikarudishwa mfukoni: wanawake wanachukua miche mingi mno, sasa walipie. Basi wakaamua kuotesha wenyewe. Wataalamu walioitwa kuwafundisha walizungumza lugha ya vipimo na miinuko, mambo ambayo mkulima aliyekwishaotesha maharage maisha yake yote hakuwa na haja nayo. Maathai aliwaambia akina mama waachane nayo na watumie akili zao za shambani. Wakaotesha kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu ambako kuku na mbuzi hawafiki. Mwanzoni walipanda wageni wengi. Kadiri walivyojifunza kuokota mbegu kwenye miti ya maeneo yao, wenyeji wakaongezeka. Mwaka 2004, Maathai alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, hesabu ya vuguvugu ilikuwa imepita miti milioni 30.

Jambo lililonivutia zaidi katika historia hiyo ni namna ya malipo. Mama alilipwa senti chache kwa mche uliokutwa hai baada ya kupandwa. Mche uliokufa haukuwa na bei.

Kitalu cha miti ya asili kina ugumu ambao kitalu cha mkaratusi hakina, kwa sababu kila mbegu ina tabia yake:

- Mbegu zenye ganda gumu, kama za mgunga na mbuyu. Porini hulainishwa tumboni mwa mnyama. Kwenye kitalu humwagiwa maji ya moto na kuachwa zilowe usiku kucha.
- Mbegu zisizosubiri. Mti ambao Wakikuyu huuita muiri, ambao magome yake hutengenezewa dawa ya tezi dume, una mbegu zinazopoteza uhai zikikaa. Ukiziokota, zipande. Ukizihifadhi kabatini hadi mwakani, umehifadhi takataka.
- Mbegu zinazoota mtini. Mkoko wa pwani hauangushi mbegu, huangusha mche ulioanza kuota ukiwa bado tawini, mrefu, uliochongoka, tayari kuchoma matope.

Halafu kuna mninga. Mche wake mchanga hukauka juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikirudi, na huendelea hivyo miaka kadhaa huku ukijenga mzizi chini. Fikiria mkaguzi wa mradi aliyetoka mjini mwezi wa tisa na daftari lake. Anaona kijiti kikavu, anaandika: umekufa. Mwanakikundi aliyekulia hapo anajua mche uko chini umelala. Hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini maarifa ya kikundi cha mahali hayawezi kubadilishwa na semina ya siku mbili.

*Kwa ufupi:* mti wa asili hutegemea mahali, na mbegu zake hutegemea watu wanaopajua mahali hapo.

Mbuzi ni wa nani?

Sasa turudi kwenye mche uliokwisha kupandwa. Kikundi kidogo chenye fedha ya wafadhili huweka uzio wa waya. Waya huibwa. Huweka mlinzi, na fedha ya mradi ikiisha mlinzi huenda zake. Lakini mbuzi anayekula miche ana mwenyewe, na mwenyewe huyo anaishi hapohapo kijijini. Kama alikuwepo kwenye kikao kilichotenga eneo, kama naye atapata nyasi, asali au boriti kutoka humo, basi atamfunga mbuzi wake bila kulipwa na mtu. Sijaona uzio wa bei nafuu kuliko huo.

Mfano mkubwa wa jambo hili nchini Tanzania ni Shinyanga. Wakati wa ukoloni, kuanzia miaka ya 1920, vichaka vya mkoa ule vilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kumfukuza mbung'o, yule nzi anayeeneza malale. Mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Hali ikawa mbaya kiasi kwamba Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huo jangwa la Tanzania, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI.

Mwanzoni HASHI ulifanya kile ambacho kila mradi hufanya: vitalu na ugawaji wa miche, mingi ikiwa ya kigeni. Badiliko kubwa lilikuja maofisa walipowasikiliza Wasukuma wenyewe. Wasukuma walikuwa na ngitili, yaani malisho yanayofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zibaki zimesimama hadi kiangazi kikali, kwa ajili ya ndama, maksai na ng'ombe wazee au wagonjwa wasioweza kufuata kundi mbali. Desturi hiyo ilikuwa imefifia. Ikahuishwa, ngitili za familia moja na ngitili za kijiji kizima. Na eneo likifungwa, nyasi hazirudi peke yake. Miti ya asili nayo ilianza kuinuka bila kupandwa na mtu.

Ulinzi ulitoka kwenye taasisi ambazo zilikuwepo kabla ya mradi. Dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, ulikaa na kuweka masharti na faini. Sungusungu walishika doria. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji 833. Kuni zikakaribia nyumbani, nyasi za kuezekea zikapatikana, dawa za miti shamba na asali vilevile. Hakuna kitalu ambacho kingeotesha miche ya kujaza hekta hizo.

Upande wa pwani ya Kenya kuna ushahidi wa zamani zaidi. Makaya ya Wamijikenda ni vijiji vya kale vilivyojificha katikati ya misitu, ambavyo sasa ni mahali pa tambiko. Wazee wa kaya wana miiko: hukati, huchomi, huingii ovyo. Mwaka 2008 UNESCO iliyaweka makaya kwenye orodha ya urithi wa dunia. Misitu hiyo ilikaa karne nyingi bila siku ya kitaifa ya kupanda miti.

Msitu uliolala chini ya ardhi

Miti ya Shinyanga ilitoka wapi, kama hakuna aliyeipanda? Mingine ilitoka kwenye mbegu zilizokuwa udongoni, lakini mingi ilitoka kwenye visiki. Miti mingi ya nchi kavu ikikatwa haifi. Mizizi yake inaendelea kuishi na kila mwaka hutoa machipukizi, ambayo hukatwa wakati wa kulima au kuliwa na mifugo, hata yakaonekana kama kijichaka kisicho na maana.

Mwaka 1983, nchini Niger, Mwaustralia Tony Rinaudo alikuwa amechoka kupanda miche inayokufa. Alipochungulia vijichaka vilivyotapakaa mashambani akagundua kwamba ni miti iliyokatwa inayotaka kuinuka. Aliwaomba wakulima waache baadhi ya machipukizi. Kikwazo hakikuwa cha kitaalamu: huko mti ulihesabiwa kuwa mali ya serikali hata ukiota shambani kwako, kwa hiyo mkulima hakuona faida ya kuulea. Wakulima walipoanza kuihesabu miti ya mashamba yao kuwa yao, njia hiyo ilienea hadi ikafikia hekta milioni 5 na zaidi.

Dodoma njia hiyo inaitwa Kisiki Hai, na inaenezwa na shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit. Mtu yeyote mwenye panga anaweza kuanza kesho:

1. Tafuta kisiki kinachochipua shambani au kwenye malisho.
2. Chagua machipukizi mawili au matatu, yaliyonyooka na yenye nguvu. Kata mengine.
3. Pogoa, yaani punguza, matawi ya chini ya yale uliyoyaacha.
4. Funga kitambaa au weka alama nyingine, ili anayelima na anayechunga wajue kuna mwenye mti huo.
5. Rudi kila msimu kupogoa tena.

Chipukizi lenye mzizi wa zamani tayari limefika kwenye maji ya chini, kwa hiyo hukua haraka kuliko mche wa kwenye kiriba na halihitaji kumwagiliwa. Na karibu kila mara ni la mti wa asili wa hapo, kwa kuwa ndio uliokatwa hapo. Ningekuwa na mamlaka, ningeagiza kila mgeni rasmi apewe panga la kupogolea badala ya mche. Picha haitapendeza sana.

*Kwa ufupi:* kabla ya kupanda, tazama kile ambacho tayari kinajaribu kuota. Mara nyingi kazi ya kikundi ni kukiacha kiote.

Gazi: matope, mvinje na bomba la maji

Kuna mahali ambapo kusubiri hakutoshi. Ghuba ya Gazi, Kwale, kusini mwa Mombasa, ilikatwa mikoko yake kwa ajili ya kuni za viwandani na boriti hadi sehemu nyingine zikabaki tope tupu. Watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, walianza kupanda upya na wanakijiji mwaka 1991.

Mikoko ina mpangilio wake. Mlilana husimama mbele, ukipigwa na bahari. Mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui hukaa nyuma yake. Mkandaa hupenda upande wa nchi kavu. Vikundi vingi duniani hupanda mkoko kila mahali kwa sababu miche yake huokotwa kwa urahisi, hata kwenye eneo la mlilana, na bahari huing'oa yote. Mvuvi wa Gazi hahitaji ramani kujua maji kujaa yanafika wapi.

Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianzisha Mikoko Pamoja, kikundi kinacholinda hekta 117 na kuuza kaboni. Maana yake ni hii: mti hunyonya hewa ukaa, ile hewa inayoongeza joto duniani, na kuifungia kwenye mbao, mizizi na matope. Mtu au kampuni ya mbali inayochafua hewa hulipa ili hewa hiyo ibaki imefungiwa. Gazi huuza takriban tani 3,000 kwa mwaka. Mimi si mshabiki wa biashara hii, kwa sababu anayelipa anaweza kuendelea kuchafua akiwa na moyo mweupe. Lakini hapo Gazi fedha ilionekana kwenye bomba la maji na kwenye vitabu vya shule, na kamati inayoamua matumizi yake ni ya wanakijiji.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wakali wa miti ya asili hawapendi kulisikia. Kikundi hichohicho kilipanda mvinje, mti wa kigeni, kwenye ardhi kavu, ili watu wapate boriti na kuni bila kuigusa mikoko. Naona ni busara. Ukimkataza mtu kukata bila kumpa pa kukata, umempa sababu ya kuja usiku.

Vikundi hufa vipi?

Vikundi vingi hufa kimyakimya. Kinachoviua mara nyingi ni umiliki. Nchini Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi kwenye ardhi yake, kujitungia sheria ndogo, na kubaki na faini na mapato. Kenya, tangu sheria ya mwaka 2005, jamii huunda vyama vya misitu na kuingia mkataba na serikali, lakini msitu hubaki wa serikali. Tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo mkataba ukitumika vizuri huleta matunda: Karura, msitu wa Nairobi ambao Maathai na wenzake waliupigania hadi kupigwa mwaka 1999, leo unasimamiwa kwa pamoja na chama cha jamii, na mikaratusi yake inaondolewa hatua kwa hatua kupisha miti ya asili.

Ukialikwa kujiunga na kikundi, uliza haya kabla ya kutoa kiingilio: Ardhi ni ya nani, na imeandikwa wapi? Mbegu zimetoka umbali gani? Wafugaji wamo kikundini? Tunahesabu miche iliyopandwa au iliyo hai? Faini inakwenda wapi?

Swali gumu kuliko yote huulizwa na vijana, nao wana haki: mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa, mimi nitakula nini? Vijiji vya Kilwa vina jibu. Huko, kwa msaada wa shirika la kuhifadhi mpingo, vijiji vilitenga misitu yao na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachomhakikishia mnunuzi kwamba mti umevunwa kwa utaratibu. Hawasubiri mti walioupanda. Huvuna michache katika ile iliyokwisha kukomaa, kwa hesabu inayokubaliwa na mkutano mkuu wa kijiji, mbao zikaenda kutengenezewa zumari za okestra za Ulaya, fedha ikajenga kijijini. Michanga inayofuata huachwa, na kamati hufanya doria kuilinda. Kijana anayelipwa posho ya doria leo analinda mti ambao mjukuu wake ndiye atakayeupiga mnada, na posho hiyo inatoka kwenye mti uliokuwepo kabla babu yake hajazaliwa.